Nishani Ambayo Babu Hakuivaa

Juzi nilikuwa nyuma ya nyumba nasugua kufuli la zamani la shaba kwa ndimu na majivu. Dawa za madukani nimezijaribu zote, hakuna inayofikia. Harufu ya ndimu ilipochanganyika na majivu na ile shaba yenyewe, mikono ikasimama. Nikajikuta nimerudi kwenye kigoda cha Babu kule Misunkumilo, Mpanda, miguu haijafika chini, nimeshika kitambaa na nasubiri amri. Binti yangu akaniuliza kama nimejikata. Nikamwambia hapana, endelea na vyombo vyako. Mambo mengine ni vigumu kumweleza mtoto aliyeshika simu mkono mmoja na sufuria mkono wa pili, ndiyo maana nayaandika kwa ajili yenu wa rika langu, mliokua wakati simu ilikuwa kitu cha kukifuata mjini na kukipangia foleni.

Mama yangu alikuwa muuguzi, na kipindi kile alipelekwa masomoni mbali. Akanipakia kwenye treni ya Mpanda pale Tabora, na ndoo ya maandazi ambayo nusu yake niliila kabla ya Kaliua. Stesheni ya Mpanda mzee mmoja mrefu, aliyenyooka mgongo, akaniinamia akasema, "Karibu, mke wangu. Rudia: nimefika salama."

Nikarudia. "Nimefika salama."

"Ujumbe umepokelewa," akasema, akabeba ndoo, akashangaa wepesi wake, ila hakuuliza.

Huyo ndiye Babu, baba yake mama. Alikuwa kapteni mstaafu wa jeshi, upande wa mawasiliano. Jirani zetu walimwita Kapteni tu, hata padri. Mimi niliposikia jeshi nilitegemea bunduki, na wiki ya kwanza nilipekua uvungu mzima wa kitanda chake. Nilichopata ni koili za waya, makopo ya misumari na jozi ya viatu vinavyong'aa kuliko sura yangu. Niliumia moyo kweli. Nilikuwa nimeshawatangazia wasichana wa darasani kwetu kwamba babu yangu ana mzinga.

Ilinichukua muda kuelewa kazi yake ilivyokuwa. Yeye alikuwa mtu wa kubeba maneno. Alikokwenda jeshi na yeye alikwenda, na redio mgongoni wakati wa ujana wake, baadaye na vijana chini yake wa kubeba hizo redio, na kazi ilikuwa moja: wakubwa waseme huku, askari wasikie kule. Hata alipostaafu jeshi halikumtoka. Ukitumwa dukani na Babu ulirudia ujumbe wote kabla ya kuvuka ua. "Chumvi pakiti moja, viberiti viwili, na umsalimie Mzee wa duka umwulize mguu." Ukikosea, unarudia tena. Bibi, mkewe, alikuwa akiona hivyo anacheka na kusema, "Mzee, mtoto atafika duka limefungwa."

Na Babu hakuachia mwito upite bila kuujibu. Hili naomba mlishike, maana kila mtu mtaani alilijua na ndilo lililokuwa chanzo cha utani mwingi. Ukimwita, anajibu papo hapo. Yuko shambani, anajibu. Yuko bafuni ana povu kichwani, anajibu. "Nipo! Nakusikia!" Sisi watoto tuliufanya mchezo. Tulijificha nyuma ya mahindi tunaita, "Babuuu!" naye anajibu, tunaita tena, anajibu tena, bila kuchoka wala kukasirika. Bibi alitufukuza kwa mwiko. Mimi niliamini ndivyo wanavyofundishwa jeshini, kwamba usipoitika unachapwa.

Nishani zilikuwa tatu. Kila sikukuu ya taifa ilipokaribia, wazee waliopita jeshini walialikwa uwanjani wakae mbele, na siku moja kabla Babu alitandika gunia barazani, akakamua ndimu juu ya majivu, tukaanza kusugua. Mimi nilipewa mbili. Ya tatu aliisugua mwenyewe, tena kwa muda mrefu kuliko zangu zote, anaipulizia, anaifuta, anaigeuza juani. Kesho yake alibandika mbili kifuani, na ile ya tatu aliifunga kwenye leso akairudisha sandukuni.

"Babu, umesahau hii."

"Hiyo sijasahau, mke wangu."

"Mbona huivai? Ndiyo nzuri."

Bibi akatokea jikoni kwa haraka ambayo haikuwa ya kawaida yake, akaniambia niende nikaangalie kama kuku wameingia kwenye karanga. Kuku walikuwa wametulia kivulini. Niliporudi mazungumzo yalikuwa ya mvua.

Kulikuwa na mwanamke mmoja jirani, Bibi Kalunde, Mnyamwezi wa kutoka pande za Tabora, mjane, mnene, mwenye sauti ya kuita watu wa mtaa wa pili. Babu alikuwa Mfipa, na Wafipa na Wanyamwezi ni watani, basi hao wawili hawakuwahi kusalimiana kistaarabu hata siku moja. Kalunde hakupiga hodi. Aliingia na kikapu cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, akakaa barazani akaanza.

"We Mfipa, redio zote hizi za nini? Nyie si mnatumiana radi?"

"Radi tunawatumia Wanyamwezi tu," Babu anajibu bila kuinua macho. "Na haiwaui. Shingo zenu zimekufa ganzi kwa kubeba mizigo."

"Ukifa, Kapteni, nitakuzika na nyaya zako zote, uwasumbue huko huko."

"Ukifa wewe tutatafuta jeneza la ng'ombe."

Mimi nilikaa hapo nakula michembe, nasubiri wapigane. Nilikotoka mtu mzima hakumwambia mwenzake maneno hayo, na sikuwa nimewahi kuhudhuria msiba wenye watani. Nilimweka Kalunde kwenye kundi la maadui. Michembe yake niliila hivyo hivyo.

Sasa nije kwenye safari za kijijini Litapunga, maana kila kitu kiko huko.

Mara kwa mara, asubuhi ya Jumamosi, Babu alifunga kwenye baiskeli sukari, chumvi, sabuni, wakati mwingine samaki wa migebuka waliokaushwa, akanipandisha mbele kwenye bomba, tukaenda. Barabara ilikuwa vumbi jekundu na miti ya miombo pande zote mbili, na kiangazi majani yameungua kiasi kwamba ulifika una weusi hadi masikioni. Huko kulikuwa na nyumba ya nyasi yenye uwanja uliofagiliwa vizuri, na ajuza mdogo wa umbo, mkavu, macho yameingia ukungu, anayeishi na mjukuu wake mkubwa. Tulimwita Mama wa Litapunga. Babu alipofika hatua chache kutoka mlangoni alishuka, akavua kofia, akapiga goti moja chini. "Shikamoo, Mama."

Babu! Mtu ambaye mkuu wa wilaya alimpa mkono wa kwanza uwanjani, anapiga goti kwenye vumbi. Na anamwita Mama. Nani mwingine angeweza kuwa, kama si mama yake mzazi? Ningekuwa na akili ningejiuliza kwa nini mama wa Mfipa anatusalimia kwa Kikonongo, ila nilikuwa mtoto na jibu lilikuwa limeshanitosha. Babu alirekebisha paa, alipasua kuni, alipalilia karanga. Baadaye waliingia ndani wawili tu na mlango ukarudishwa. Mimi nilibaki nje nacheza na vifaranga, nasikia sauti ya Babu ikiwa chini, inasema maneno machache, inanyamaza, inasema tena. Nilijua anasemwa na mama yake. Hata wakubwa wanasemwa, nilijiambia, na nilimwonea huruma.

Lakini kabla ya kila safari, Bibi alinishika bega pale langoni. "Ukifika kwa Mama wa Litapunga, nishani usizitaje. Umesikia? Habari za vita usimwulize Babu mbele yake. Hata kidogo."

"Kwa nini?"

"Rudia."

Hapo ndipo nilipojua kwamba jambo ni zito, maana Bibi ndiye aliyekuwa akicheka kurudiarudia kwa Babu. Nikarudia. Safari nzima nilikuwa nalifikiria, na nilifika mwisho ambao uliniridhisha kabisa: Babu alikwenda vitani bila kumuaga mama yake. Alitoroka. Mama hajui mpaka leo, na siku atakayojua, Babu mzima na mvi zake atachapwa. Niliamua kumlinda. Mara moja ajuza aliniuliza Babu hufanya nini siku za sikukuu, nikamjibu analala.

Bibi naye alikuwa na yake. Kila tulipoondoka kwenda Litapunga alisimama langoni mpaka tumepinda, na tukirudi alimwangalia Babu usoni kabla hajaangalia kama tumeleta karanga. Nilidhani na yeye anaogopa fimbo za mama mkwe.

Babu alifariki kiangazi, asubuhi ya kawaida. Alirudi kutoka kuoga akasema amechoka, anajinyoosha kidogo. Uji ulipoiva Bibi alinituma nimwite. Nilisimama uani nikaita kama kawaida, kwa sauti ya kichokozi, "Babuuu!" Nikasubiri. Nikaita tena. Sikuingia ndani. Niligeuka nikamtazama Bibi, naye alikuwa ameshashusha mwiko.

Taarifa ilikwenda kambini kwa simu ya upepo ya misheni. Jibu lilikuja kwamba wanajeshi watafika, Kapteni atazikwa kwa heshima zote, nishani zake zitangulie mbele ya jeneza. Nyumba ilijaa, ila mama yangu alikuwa bado njiani kutoka masomoni. Watu walitoka Kabungu, walitoka Nsimbo, Wasukuma wa ng'ombe walileta maziwa kwenye vibuyu. Wanawake tulikaa chumba kikubwa kwenye mikeka, na Babu katikati, jeneza likiwa wazi. Bibi alikaa kichwani pake, macho makavu. Na pembeni yake, bega kwa bega, aliletewa mkeka wa peke yake Mama wa Litapunga, ambaye mjukuu wake alimpakia kwenye baiskeli tangu alfajiri. Nikasema moyoni, angalau hakuwahi kujua. Babu ameponea.

Mlango wa chumba cha Babu ukafunguliwa, na akatoka Kalunde.

Alikuwa amevaa koti la jeshi la Babu, halifungi tumboni. Kofia ya Babu imekaa upande. Kifuani amebandika nishani, zote tatu. Ameshika kiatu cha Babu sikioni, kisigino mdomoni, anatembea ameinua magoti kama gwaride.

"Haloo, haloo! Kapteni, Kapteni! Kalunde anakuita hapa, unanisikia? Ova!" Akasikiliza kiatu. Akakipiga piga, akasikiliza tena. "Hajibu! Jamani, Mfipa huyu, maisha yake yote ukimwita hata ana povu kichwani anaitika. Leo nimekuja na redio kabisa, hajibu! Kapteni, umepigwa radi na wenzako? Haloo!"

Chumba kizima kikapasuka kwa kicheko, wanawake wanacheka huku machozi yanawashuka. Mimi niliona moto. Nilimrukia, nikakamata koti kwa mikono yote miwili. "Vua! Mwizi! Vua vitu vya Babu!" Mama mdogo alinishika kiunoni akaniketisha, akaninong'oneza kwamba niache, huyo ni mtani wake, leo ndiyo siku yake. Mtani akichukua kitu msibani hanyang'anywi. Wenye msiba wanakikomboa kwa kumpa anachotaka, na hapo hurudisha kwa moyo mweupe. Nilisikia, lakini sikukubali. Na nishani zilikuwa zinang'aa hatua mbili kutoka kwa Mama wa Litapunga, na nilikuwa na hakika mambo yameharibika.

Nilimtazama Bibi ili anisaidie. Hakuwa anacheka. Alikuwa anamtazama Mama wa Litapunga.

Akaingia luteni kijana aliyeongoza wanajeshi, ameshika mto mwekundu wa kuwekea nishani, jasho linamtoka. Alikuwa ameambiwa nishani hazionekani, sasa anaziona zilipo.

"Mama," akamwambia Kalunde, "utani naujua, hata kwetu upo. Ila koti la jeshi raia haruhusiwi. Na hizo nazihitaji sasa hivi."

"Nikamate, mwanangu. Lakini huko jela utanilisha wewe? Unaniona nilivyo?"

Watu wakacheka tena, na luteni naye akajizuia. Kalunde akatoa nishani ya kwanza. "Hii naijua. Hii ni ya kukaa jeshini muda mrefu bila kuiba sukari. Chukua." Akatoa ya pili. "Hii ni ya vita, wote waliokwenda walipewa. Chukua." Akaishika ya tatu bila kuitoa. Sauti yake ikapungua. "Hii siijui. Nimekaa jirani na mtu huyu nikamtukana kila siku aliyoleta Mungu, na hii sijaiona kifuani kwake. Sitaki kuku. Sitaki kanga. Nataka mtu aniambie hii alipewa kwa lipi, nami nitaitoa."

Mama mdogo hakujua. Mjomba aliyesimama mlangoni hakujua. Luteni akafurahi, akaona pa kutokea.

"Mbona hilo rahisi, mama. Historia yake tumekuja nayo, tutaisoma kaburini. Hiyo ni ya ushupavu. Wakati wa vita Kapteni, enzi hizo akiwa sajini, alikuwa kwenye redio akiwa na kikosi..."

"Kaa chini, mwanangu," Bibi akasema.

Hakupaza sauti, lakini luteni alikaa kweli, kwenye mkeka, na mto wake mapajani. Bibi akageuka mzima mzima, magoti yake yakagusana na ya Mama wa Litapunga. Akamshika mikono yote miwili. Kwa mara ya kwanza nikahisi kwamba hapa hapana habari ya fimbo.

"Mama," akasema, "bora uyasikie kwangu kuliko kuyasikia kaburini yakisomwa kwa sifa. Lazaro wako alitangulizwa mbele na redio ndogo, yeye na wenzake. Nyuma walikuwa askari wengi mno wamejificha kwenye migomba, adui yuko karibu, na amri ilikuwa hakuna redio kusema neno. Ukisema, wanajua ulipo. Lazaro akaumia. Akaita. Mume wangu ndiye alikuwa na vyombo masikioni. Alimsikia, Mama. Alimsikia tangu asubuhi mpaka jua limepinda, anamwita kwa jina, na hakumjibu. Askari wale wote walipona. Lazaro alinyamaza. Hiyo nishani alipewa kwa kutojibu."

Kalunde alikuwa amevua kofia. Mimi nilimtazama ajuza yule na kichwani mwangu vitu vinapangika upya, polepole: kumbe si mama yake. Kumbe ni mama wa mwingine.

"Ulikuwa unalia nini wewe, wakati wote huu?" Mama wa Litapunga akamwuliza Bibi, ambaye kwa kweli alikuwa hajalia. Macho yake ya ukungu yalikuwa yanatafuta uso. "Mimi nilishaambiwa."

"Na nani?"

"Na yeye. Alikuja mwenyewe, bado kijana, kofia mkononi. Akapiga goti pale nje akasema, Mama, mimi ndiye niliyemsikia Lazaro nikanyamaza. Nikamfukuza. Nilimfukuza na mbwa. Akarudi. Nikamfukuza tena. Siku nyingine nikamkuta shambani kwangu anang'oa karanga, hasemi kitu, anang'oa tu na kuzipanga. Nikakaa chini nikamwangalia. Nikaona, huyu nikimfukuza leo, ndiyo nimemfukuza mtu wa mwisho aliyesikia sauti ya mwanangu. Nikamwuliza, alisemaje?"

Akavuta ncha ya kanga yake, akaendelea.

"Akaniambia. Basi kila akija tunaingia ndani ananieleza tena. Maneno yale yale, haongezi, hapunguzi. Nilikuwa nafikiri mwanangu alikufa anapiga kelele. Hapana. Alikuwa anaita kwa adabu. Anaita, anasubiri, anaita. Alifundishwa vizuri." Akamgeukia Kalunde, au upande ilikotoka sauti yake. "Hiyo nishani ndiyo sijaiona. Lete."

Kalunde akaitoa kwenye koti, akapiga magoti na mwili wake wote ule, akaiweka kwenye kiganja cha ajuza. Mama wa Litapunga akaipapasa kwa dole gumba, mbele na nyuma, akapima uzito wake.

"Kumbe kadogo hivi," akasema. "Hajawahi kukavaa?"

"Hajawahi, Mama," Bibi akajibu.

"Nisogezeni."

Wakamsogeza mpaka kwenye jeneza. Akainama, vidole vinatafuta kifua cha Babu, kitambaa, tundu la kifungo. Pini ilimsumbua, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Luteni alisimama wima kwa heshima, mto wake ukiwa na nishani mbili tu, na kama amri za jeshi zilisema vingine hakuzitaja. Ajuza alipomaliza aliipigapiga nishani kwa kiganja ili ikae sawa. "Haya," akasema. "Kazi aliifanya."

Kalunde akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka mapajani mwa Bibi. Mimi chuki yangu yote juu yake ilinitoka hapo hapo, na nilimpenda mpaka alipofariki naye, miaka mingi baadaye.

Tulimzika alasiri. Tarumbeta ililia, wanajeshi wakapiga saluti, historia ikasomwa, na luteni alipofika kwenye ile nishani aliiruka, akaendelea na mwaka wa kustaafu. Ukafika wakati wa mjane kutupa udongo. Bibi alisogea ukingoni, Mama wa Litapunga amemshika kiwiko, udongo mkavu kwenye viganja. Watu wakasubiri audondoshe. Hakuudondosha.

"Mzee," akaita. Sauti ilimpanda. "Mzee! Kumbe ulishamwambia! Kumbe miaka yote hiyo Mama anajua! Na mimi unaniacha nasimama langoni, nambana mtoto wa watu asiseme, silali kila ukipanda baiskeli, nawaza leo ndiyo leo! Mambo yote unarudiarudia, chumvi unarudia, viberiti unarudia, hili moja hukuniambia hata mara moja! Ungeniambia nipumzike, Mzee!"

Padri akafanya hatua moja, kama wa kumtoa. Kalunde akamzuia kwa mkono. "Mwache, Baba. Ana haki."

Bibi akautupa udongo kwa nguvu, na machozi ambayo hakuyatoa tangu asubuhi ile ya uji yakaanza kumtoka. Akainama akachota mwingine, akautupa na huo, akaendelea kumgombeza mume wake, neno moja konzi moja, mpaka vijana wenye majembe wakaacha kusubiri, wakaanza kufukia pamoja naye.